Kuogopa Mamba Si Fobia

Kwetu ni Ruaha. Si ile hifadhi ya Iringa, jamani, maana kila nikijitambulisha hapa chuoni mtu ananiuliza simba hawajambo. Ruaha yetu ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Ukifika Mikumi mjini unaacha barabara kuu ya Iringa, unashika ya Ifakara, unapita Kidodi, unaanza kuona miwa kulia na kushoto, halafu unatokea mjini kwetu. Ukivuka daraja la Mto Ruaha Mkuu umeshaingia Kidatu.

Mto ule una mamba na viboko. Bibi yangu aliyenilea alikuwa na sheria zake kuhusu mto, na hazikuwa na mjadala. Huendi kuchota maji peke yako. Hufui ukiwa umeupa mto mgongo. Jua likianza kuzama, hata kama ndoo haijajaa, unaondoka. Nilipokuwa mdogo niliona bibi ni mwoga tu. Leo nikikumbuka naona ni mama mmoja mwenye akili sana, kwa sababu katika miaka yote aliyoishi pale hajapoteza mtoto wala mjukuu mtoni.

Mimi pia nauogopa mto mpaka kesho. Lakini siyo mto uliotaka kuniua. Kilichotaka kuniua ni sindano, au niseme vizuri zaidi, ni kuikimbia sindano.

Ilikuwa mwaka wa pili, wiki ya pili ya UE. Homa ilianza Jumamosi usiku. Kwa mtu aliyekulia Ruaha, malaria si mgeni, dalili nilizijua zote. Mwenzangu wa chumbani akaniambia twende tukapime. Nikamwambia nitaenda kesho. Kesho yake nikamwambia nimeshaenda, hawajaona kitu. Uongo mtupu. Nilikuwa nimeenda mpaka mlangoni mwa maabara, nikamwona dada mmoja anatobolewa kidole, masikio yakaanza kuvuma, macho yakaingia giza, nikageuka nikatoka. Nikanunua dawa mseto duka la dawa bila kupima, nikameza, nikatapika. Jumanne alfajiri mwenzangu alinikuta naongea vitu visivyoeleweka. Alinibeba na bajaji. Malaria ikiwa ni ile ya falsiparamu, ambayo ndiyo nyingi kwetu Tanzania, inaweza kutoka homa ya kawaida ikawa malaria kali ndani ya siku moja au mbili. Mimi nilikuwa nimeipa siku tatu.

Nilipopata nafuu, kilichonitesa zaidi si ile mitihani niliyoikosa. Ni aibu. Mwanaume mzima wa Ruaha, niliyewahi kufukuza nyoka wanaotoka kwenye miwa inayochomwa, nimekaribia kufa kwa kuogopa kitu chembamba kama mwiba. Pale hospitalini alikuwepo dada mmoja mtaalamu wa saikolojia. Alikaa kwenye kiti pembeni ya kitanda, akaniuliza polepole, "Mdogo wangu, kipimo cha kidole tu, kwa nini hukupima?" Nikajaribu kumdanganya. Akaniacha nimalize, halafu akasema, "Haya, sasa niambie ukweli." Nikamwambia. Hakucheka. Akasema, "Hiyo ina jina, na ina dawa yake, na dawa yenyewe si sindano."

Makala hii inatokana na mambo niliyojifunza kwake na yale niliyosoma baadaye. Naiandika kwa sababu hapa chuoni neno fobia tunalitumia ovyo. "Mimi nina fobia ya takwimu." "Nina fobia na yule mwalimu." Hapana ndugu yangu, wewe hujasoma takwimu. Na wakati huohuo kuna mtu mwenye fobia ya kweli kwenye kitanda cha juu yako, na wewe unamwita mwoga.

Hofu ni nini

Hofu ya kawaida ni mlinzi. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo mfano wa lozi, inaitwa amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga king'ora kabla hujapata muda wa kufikiri. Ukiona kitu kama gogo linasogea kwenye maji, kabla hujajiuliza ni gogo au ni mamba, mwili umeshamwaga adrenalini, moyo unakimbia, damu imeelekezwa kwenye misuli, na miguu iko tayari. Ikionekana ni gogo kweli, akili inazima king'ora, unacheka, unaendelea kufua. Hasara yake ni mapigo machache ya moyo. Ikiwa ni mamba, umepona.

Hofu ya namna hii ina sifa tatu. Inalingana na hatari yenyewe. Inakuja hatari ikiwepo na inaondoka hatari ikiondoka. Na inakuachia nafasi ya kufanya unachotakiwa kufanya. Bibi aliuogopa mto, lakini maji yalichotwa kila siku.

Wote mnaosafiri njia ya Iringa mnajua barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita kama 50. Usiku basi likipunguza mwendo kwa sababu tembo wamesimama barabarani, abiria wanakuwa kimya. Hata yule aliyekuwa anapiga kelele na simu tangu Morogoro ananyamaza. Hiyo ni hofu ya kawaida, tena yenye adabu. Tembo wakipita, kelele zinarudi. Sasa mchukue mtu mwingine, ambaye anatakiwa kutoka Morogoro kwenda Iringa, lakini kwa kuwa basi litapita Mikumi anazungukia Dodoma na Mtera, analipa nauli zaidi, anapoteza siku, na anajua kabisa kwamba mabasi yanapita pale kila siku na abiria wanafika salama. Huyo hatuzungumzii tena hofu ya tembo tu. Hofu imeshaanza kumpangia safari.

Hofu inapogeuka

Neno fobia asili yake ni Kigiriki. Wagiriki wa kale walikuwa na Phobos, mwana wa mungu wa vita, aliyewatia maadui hofu mpaka wakakimbia. Kukimbia ndiko kiini cha jambo lenyewe.

Mwongozo wa utambuzi wa magonjwa ya akili unaotolewa na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unaweka vigezo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvielewa. Nimevigeuza kuwa maswali, nikavijibu mwenyewe.

Kwanza, je, hofu inazidi hatari iliyopo? Kutobolewa kidole kunauma kwa sekunde moja. Mimi nilikuwa natokwa jasho kwa kuwaza tu.

Pili, je, inakuja kila mara, na papo hapo? Mtu anaweza kuogopa sindano siku akiwa na wasiwasi, siku nyingine asijali. Kwangu mimi hakukuwa na siku ya mapumziko. Hata sindano ya kwenye filamu ilinifanya niangalie pembeni.

Tatu, je, imedumu? Kigezo cha kawaida ni miezi 6 au zaidi. Yangu ilikuwa na zaidi ya miaka kumi.

Nne, je, unakikwepa hicho kitu, au ukikivumilia unakivumilia kwa mateso makubwa? Nilikuwa bingwa wa kukwepa. Fomu ya uchunguzi wa afya ya kujiunga na chuo niliibeba mfukoni wiki nzima, na siku ya kutolewa damu nilianguka, nikadanganya kwamba sijala.

Tano, na hili kwangu ndilo swali kubwa, je, inakugharimu? Inagusa masomo, kazi, afya, uhusiano? Mtu anayeogopa theluji kupita kiasi na anaishi Ruaha hana haja ya daktari, atazeeka salama. Lakini mtu anayeogopa sindano na anaishi sehemu yenye malaria, huyo gharama yake nimeshawasimulia.

Ukiona majibu mengi ni ndiyo, hapo usiseme tena "mimi ndivyo nilivyo". Na usijipachike jina mwenyewe pia. Mwenye kazi ya kuthibitisha ni mtaalamu, kwa sababu kuna hofu zinazofanana na fobia lakini ni kitu kingine. Chukua Kilosa mjini. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, nyumba zikaenda, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema, reli ya kati ikakatika. Mtu aliyepitia yale, leo mvua kubwa ikinyesha usiku akaamka na kukaa kitako, usikimbilie kusema ana fobia ya mvua. Inawezekana ni tahadhari ya mtu anayeujua ule mto. Inawezekana pia ni jeraha la kumbukumbu, ambalo lina tiba yake tofauti. Lazima kwanza mtu aulizwe na asikilizwe.

Wataalamu wanazigawa fobia za kitu maalumu katika makundi: za wanyama, za mazingira ya asili kama urefu na maji, za damu na sindano, za mahali au hali fulani kama lifti, ndege na vyumba vilivyofungwa, na nyinginezo. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, inapita kwenye mahandaki ya milima ya Kilosa. Wengi wetu tunatoa simu turekodi. Mwenye fobia ya sehemu zilizofungwa, pale pale, anahesabu sekunde na kuhisi pumzi inakata. Tiketi moja, behewa moja, safari mbili tofauti. Na hawa watu si wachache. Utafiti mkubwa uliojumuisha nchi 22 ulikuta kwamba watu kama 7 kati ya 100 hupata fobia ya kitu maalumu wakati fulani maishani. Kwenye ukumbi wa mihadhara wa watu 300, piga hesabu mwenyewe.

Inatoka wapi

Yangu naijua ilipoanzia. Nikiwa na miaka kama sita niliugua, nikachomwa sindano za kwinini, na watu wazima watatu walinishikilia mikono na miguu. Sikumbuki maumivu vizuri kama ninavyokumbuka kushikiliwa.

Mwaka 1920 huko Marekani, John Watson na Rosalie Rayner walionyesha jinsi hofu inavyoweza kufundishwa. Walimpa mtoto mchanga panya mweupe, ambaye hakumwogopa hata kidogo. Halafu kila alipomgusa yule panya, waligonga chuma kwa nyundo nyuma yake. Baada ya mara chache mtoto akawa analia akimwona panya tu, bila kelele yoyote. Leo hakuna kamati ya maadili ingeruhusu utafiti ule, na sawa kabisa. Lakini ulionyesha kwamba ubongo unaunganisha vitu viwili vilivyokuja pamoja, na kimoja kinabeba hofu ya kingine.

Si lazima yakupate mwenyewe. Unaweza kujifunza kwa kumwona mama yako anaruka juu ya kiti akiona mjusi. Na wapo wengi ambao hawakumbuki mwanzo wowote. Fobia ya damu na sindano ina tabia ya kutembea kwenye familia. Nilipompigia mama simu kumweleza, alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba wako naye alikuwa anaanguka akiona damu. Tulidhani ni kifafa." Kwetu wengine wangesema karogwa. Sitaki kubishana na wazee, nasema tu kwamba mjomba hakuwahi kupata mtu wa kumweleza mwili wake unafanya nini.

Kinachoikuza fobia ni kule kukwepa. Siku ile nilipogeuka mlangoni mwa maabara, nilijisikia vizuri sana. Moyo ulitulia, jasho likakauka. Ubongo wangu ukaandika kwenye daftari lake: tumekimbia, tumepona, kwa hiyo kile kitu kilikuwa hatari kweli, na mara nyingine tukimbie mapema zaidi. Kila unapokwepa unalipa kidogo sasa na deni linaongezeka, kama mkopo wa kausha damu. Na kwa kuwa hukai hata siku moja ukaona kwamba hakuna baya lililotokea, hupati ushahidi wa kufuta yale maandishi.

Dawa yake

Miaka minne baada ya jaribio la Watson, mwaka 1924, mwanamke mmoja anayeitwa Mary Cover Jones alifanya kinyume chake. Alikuwa na mtoto aliyeogopa sungura. Akamweka sungura mbali wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, siku nyingine akamsogeza kidogo, akamsogeza tena, mpaka mtoto akamshika. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, aliipanga njia hiyo vizuri, na hadi leo tiba yenye nguvu zaidi ya fobia imejengwa hapo: kukikaribia kile unachokiogopa, kidogo kidogo, kwa ridhaa yako, na kukaa hapo mpaka hofu ishuke yenyewe. Inashuka. Mimi sikuamini, lakini inashuka.

Tulitengeneza ngazi. Kila hatua niliipa alama kati ya 0 na 100. Kutamka neno sindano, 10. Kuangalia picha, 25. Kushika bomba la sindano lisilo na ncha, 40. Kukaa kwenye benchi nje ya maabara, 50. Kumwangalia mwenzangu anatobolewa kidole, 70. Kutobolewa mimi, 85. Kutolewa damu mkononi, 100. Kanuni ilikuwa moja: sipandi hatua nyingine kabla hii haijapoa, na sishuki kwa kukimbia. Picha ilinichukua siku mbili. Benchi lilinichukua wiki. Wanafunzi waliokuwa wanapita walidhani nina ugonjwa wa siri.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na linaweza kumsaidia mtu leo. Kwenye fobia nyingine, hofu inapandisha presha, na unashauriwa kupumua taratibu na kulegeza mwili. Fobia ya damu na sindano ni tofauti. Presha inapanda kidogo, halafu inaporomoka ghafla, ndiyo maana tunaanguka. Ukijilegeza unaweza kuanguka haraka zaidi. Mtaalamu wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walifundisha kukaza misuli: unakaza mikono, miguu na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie uso unapata joto, unaachia kwa sekunde 20 hadi 30 bila kujilegeza kabisa, unarudia kama mara tano. Mkono unaochomwa unauacha umetulia. Na unamwambia mhudumu mapema, "Naomba nilale, huwa naanguka." Sentensi hiyo nilikuwa naiona ngumu kuliko sindano yenyewe. Mara ya kwanza kuitamka, muuguzi alisema tu, "Panda kitandani kaka," akaendelea na kazi yake. Miaka yote niliiogopa aibu ambayo haikuwepo.

Nisiwadanganye kwamba nimekuwa shujaa. Muhula uliopita nilishikwa na homa tena. Nilienda siku ileile, nimelala, nimekaza miguu kama mtu anayesukuma gari, macho nimeyafumba. Nilitobolewa. Ilikuwa 60 hivi, si sifuri. Majibu yakaja sina malaria. Nilitoka pale natabasamu peke yangu kama mwehu.

Kwako wewe

Kama una hofu ya kawaida kabla ya prezentesheni, tumbo linanguruma na mikono ina jasho, hiyo ni mlinzi wako anajiandaa, jiandae naye. Kama umeacha kozi kwa sababu ina prezentesheni, hapo nenda ukaongee na mtu. Chuoni tuna ofisi ya ushauri nasaha na mshauri wa wanafunzi, na hospitali za rufaa zina vitengo vya afya ya akili. Kwenda huko si lazima uwe umechanganyikiwa. Wanaoenda wengi wanatembea kwa miguu yao na wana test kesho.

Na kama una mwenzako mwenye fobia, usimtupie mjusi kitandani eti azoee. Kumshtukiza si tiba. Tofauti ya ngazi na mtego ni kwamba ngazi anapanda mwenyewe. Mwenzangu wa chumbani alikaa nami kwenye lile benchi siku nne, anasoma notsi zake, hasemi kitu. Hiyo ndiyo iliyonisaidia.

Likizo nilirudi Ruaha. Jioni moja nilichukua ndoo, bibi akaniita kutoka jikoni, "Mjukuu wangu, jua linazama."

"Nimeliona, bibi. Naenda bombani."

"Mto bado unauogopa?"

"Naogopa, bibi."

"Vizuri," akasema, akaendelea kupuliza moto.